Miguu Iliyogoma Wasdale: uchambuzi wa kisa kimoja cha Vilele Vitatu

Ilikuwa saa 10:20 alfajiri, Wasdale Head, chini ya mlima Scafell Pike, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya England. Mlango wa basi dogo ukafunguliwa, watu watatu tukashuka, tukainama kufunga kamba za buti. Wa nne hakushuka. Alikuwa ameketi palepale mlangoni, mikono yote miwili imeshika kiti cha mbele yake, anajaribu kujiinua kama mzee anayetoka kwenye mkeka.

"Mwalimu, goti linasemaje?" nikamuuliza.

"Goti halina neno. Ni mapaja. Nayaambia yanyanyuke, hayanisikii."

Hata saa saba zilikuwa hazijapita tangu mtu huyohuyo ateremke Ben Nevis mbio huku akituimbia. Kati ya sisi wanne ndiye aliyekuwa na pumzi nyingi kuliko wote. Alikuwa na miaka 46, anakimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki kwa dakika 52 hivi, havuti sigara, hana ugonjwa. Mimi ndiye niliyemwandalia ratiba ya mazoezi ya wiki 12, na kama ungeniuliza siku moja kabla ni nani atakayeanguka njiani, jina lake lingekuwa la mwisho mdomoni mwangu. Ndiyo maana nimekichukua kisa chake, nikakichambua tangu mwanzo: nani alikosea, wapi, na mwaka uliofuata tulibadili nini.

Kwa asiyeijua safari yenyewe, Vilele Vitatu ni kupanda mlima mrefu kuliko yote wa Scotland, wa England na wa Wales kwa mkupuo, kwa kawaida ndani ya saa 24. Ben Nevis una mita 1,345, Scafell Pike 978, na Yr Wyddfa 1,085. Huo wa tatu wengi wanaujua kwa jina la Snowdon. Mamlaka ya hifadhi yake iliamua mwaka 2022 kutumia jina la Kiwelisi, nami nitalifuata. Kwa njia za kawaida unatembea kama kilomita 37 na kupanda jumla ya mita 3,064. Katikati kuna barabara ya takriban kilomita 740. Ukiuliza watu wanaojiandaa, karibu wote watakutajia hizo mita 3,064. Sijakutana na hata mmoja aliyenitajia kwamba zote hizo lazima zirudishwe chini.

Kikosi chetu kilikuwa na Mwalimu, mume na mke ambao wote ni wauguzi, na mimi. Dereva alikuwa kaka wa yule mke, ambaye kwa sababu ya mumewe sote tukamwita Shemeji. Dereva mmoja tu. Hilo nitalirudia.

Hesabu tuliyoipuuza

Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria muda wa kutembea milimani, iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti aitwaye William Naismith. Kwa vipimo vya leo inasema hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Tuitie namba zetu. Kilomita 37 ni saa 7 na dakika 24. Mita 3,064 ni saa 5 na dakika 6. Jumla, saa 12 na nusu za kutembea bila kusimama kula wala kubadili soksi. Barabara inakula saa 10 na nusu hadi 11 ikiwa hakuna ujenzi wala foleni. Katika saa 24 kinachobaki ni nusu saa hadi saa moja.

Hesabu hiyo tuliifanya mezani wiki mbili kabla ya safari, tukaitazama, kisha tukafanya kile ambacho kila kikosi hufanya: tukaamua kwamba Ben Nevis tutaumaliza upesi ili tuweke akiba. Kwa Naismith, mlima ule ni kama saa 5 na dakika 40, maana ni kilomita 17 kwenda na kurudi na mita 1,352 za kupanda. Tuliondoka Glen Nevis, bonde lililo chini ya mlima, karibu na usawa wa bahari, saa 11 kamili jioni. Kileleni tulifika saa 1:40. Chini tulirudi saa 3:35 usiku. Saa 4 na dakika 35. Tulipigana viganja kama tumeshinda kombe. Zaidi ya saa moja ya akiba!

Sasa itazame safari ile kwa upande wa pili. Kupanda kulichukua saa 2 na dakika 40. Kushuka zaidi ya mita 1,300 kulichukua saa 1 na dakika 55, na nusu ya chini tuliikimbia. Njia yenyewe ilichongwa mwaka 1883 ili farasi wapeleke mizigo kwenye kituo cha kupimia hali ya hewa kilichokuwa kileleni hadi 1904. Ni pana, ina zamu za kwenda na kurudi, na sehemu kubwa imepangwa mawe kama ngazi zisizolingana. Kila hatua ni kishindo. Mwalimu alitangulia, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Nilikuwa nyuma yake, na badala ya kumwambia apunguze nilitazama saa yangu na kufurahi.

Saa 3:50 usiku gari likang'oka. Mwalimu alikuwa na suruali iliyolowa mvua nyepesi, hakuibadili. Alikuwa amekula vipande viwili vya biskuti za nguvu kileleni. Akasema tumbo halitaki kitu, akaegemea dirisha, akalala. Aliamka Wasdale.

Daftari lilisema nini

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Muuguzi wa kiume alisema ni maji. Mkewe alisema ni njaa. Shemeji, ambaye hakupanda hata kichuguu, alisema ni umri. Mwalimu mwenyewe aliamini kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha, na hilo ndilo lililonisukuma kulifungua daftari lake la wiki 12, kwa sababu lilikuwa linasema kinyume.

Umri tuuweke pembeni haraka. Mwaka uliofuata alikuwa amezeeka kwa mwaka mmoja, na utaona yaliyotokea.

Pumzi nayo haikuwa tatizo. Alipofanikiwa kutoka ndani ya gari alfajiri ile alipanda Scafell Pike akizungumza nasi, polepole lakini bila kuhema. Alifika kileleni saa 12:50 asubuhi. Maafa yalikuwa kwenye kurudi. Kutoka kwenye rundo la mawe la kilele hadi sehemu iitwayo Hollow Stones, miguu ilimtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Mara mbili goti lilikunjika bila ruhusa yake. Tulifika chini saa 3:25 asubuhi, saa 5 na dakika 5 tangu kuanza mlima ambao Naismith anaupa chini ya saa tatu na nusu. Pale hesabu ilikuwa imekwisha. Wale wauguzi wawili waliupanda Yr Wyddfa mchana ule kwa raha yao, bila kuangalia saa. Mimi nilibaki garini na Mwalimu.

Daftari sasa. Katika wiki 12 alikuwa amepanda zaidi ya mita 9,000. Ukizisoma namba hizo unaona mtu aliyejiandaa vizuri kabisa. Lakini karibu zote alizipandia kwenye mashine ya kukimbilia iliyoinuliwa mbele, na kwenye ile mashine ya ngazi zinazozunguka. Mashine hukupandisha saa nzima, kisha unabonyeza kitufe na kushuka sentimita 20 hadi sakafuni. Matembezi yake ya mwisho wa wiki, kilomita 20 hadi 25, yalikuwa kando ya mfereji, tambarare kama meza. Nilijumlisha mita zote alizoshuka kwa miguu yake katika wiki 12. Hazikufika 700. Ben Nevis ilimtaka mara mbili ya hizo katika jioni moja, kwa mbio.

Hapa inabidi nieleze msuli unavyofanya kazi, maana bila hilo kisa hakieleweki. Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja hujikaza huku ukijifupisha, na mwili unainuka. Unapotelemka, msuli huohuo hujikaza huku ukivutwa na kurefushwa, kazi yake ikiwa ni breki. Ni kama kushusha ndoo kisimani: kamba inapita viganjani huku viganja vikiizuia, na mikono inaweza kuchubuka ingawa hukuinua kitu. Kazi ya namna hiyo haichoshi pumzi. Moyo unatulia, unaweza hata kuimba. Lakini nyuzi za msuli zisizoizoea huchanika kwa uchache uchache, maelfu ya mahali padogo, na nguvu ya msuli hushuka papo hapo.

Maumivu ndiyo yanayochelewa. Hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana wakati ule garini Mwalimu hakulalamika, na ndiyo maana tulidanganyika: tulikuwa tunasubiri maumivu yatuambie kwamba kuna shida, kumbe nguvu ilikwishaondoka kimya kimya pale Glen Nevis. Maumivu yenyewe yalimfika nyumbani. Alinipigia simu kunieleza kwamba kwa siku tatu anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika reli, na wanawe wanamcheka.

Njaa, nguo mbichi na kukaa vilikuja juu ya hapo. Sivipuuzi, ila vyeo vyao ni vya chini. Saa sita bila kutia kitu tumboni, baada ya kazi ya saa nne na nusu, ni kupanda mlima wa pili na akiba ya wanga iliyokaribia sakafu. Baridi ya suruali mbichi iliikakamaza misuli ambayo tayari ilikuwa na majeraha. Buti zake hazikufungwa upya kabla ya kushuka, vidole vikasukumwa mbele, na kucha mbili za dole gumba ziligeuka nyeusi. Kosa la maji silioni. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya kawaida na hakuwa na kiu. Kwa kweli ninaowaogopa zaidi ni wale wanaokunywa lita juu ya lita bila chumvi kwa sababu waliambiwa maji ni uhai.

Kwa hiyo hukumu yangu, nikiwa nimejiweka mwenyewe kizimbani, ni hii: mtu alishindwa na kushuka, gari likamalizia, na ratiba niliyomwandikia haikuwa na neno lolote kuhusu hayo mawili.

Wiki 16 za kushuka

Tulianza mwishoni mwa Februari mwaka uliofuata, tukilenga Juni tena, wakati usiku ni mfupi na jua la Fort William, mji ulio chini ya Ben Nevis, linazama baada ya saa 4 usiku.

Mwili una tabia moja ya ajabu ambayo ndiyo msingi wa mpango mzima. Ukiupa msuli dozi moja ya kushuka, hata ndogo, ukaumia, ukapona, dozi ya pili ya kiasi kilekile huumiza kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Haihitaji kushuka kila siku. Inahitaji kuanza mapema, na kuacha siku za kupona.

Wiki ya kwanza Mwalimu alishuka mita 300 tu, kisha nikamkataza kushuka chochote kwa siku tano. Alinuna. Mtu aliyezoea kukimbia mara tatu kwa wiki ukimpa mita 300 anaona umemdharau. Lakini mapaja yalimuuma siku tatu. Wiki ya pili tukarudia mita 300 zilezile, kilima kilekile, na kesho yake akanipigia simu: "Hakuna kitu. Nimeamka kama sikufanya lolote." Hapo ndipo aliponiamini.

Tatizo lilikuwa mahali pa kushukia. Anaishi sehemu tambarare, vilima viko mbali, na mtu mwenye kazi hawezi kusafiri katikati ya wiki. Suluhisho lilipatikana katika jengo la ghorofa 14 analoishi rafiki yake. Mwalimu alivaa buti, akatia shanta yenye kilo 7 mgongoni, akapanda lifti hadi juu, akashuka kwa ngazi. Kisha lifti tena. Kila mzunguko ni kama mita 40. Mizunguko kumi ni mita 400 za kushuka kwa chini ya saa moja, bila kupanda hata moja. Wapangaji walimtazama. Bibi mmoja wa ghorofa ya tisa alimsimamisha akamuuliza kama lifti imeharibika upande wa kushuka peke yake. Mimi nilikuwa nikisimama chini na daftari, nikihesabu.

Jumanne ilikuwa ya ngazi, na kila baada ya wiki mbili tulikwenda kwenye milima halisi. Mita ziliongezeka taratibu: 500, 700, 900, hadi wiki ya 11 aliposhuka mita 1,400 kwa siku moja. Kukimbia tulikupunguza hadi mara moja kwa wiki. Alipoteza dakika mbili katika kilomita zake 10 na alilalamika kuhusu dakika hizo hadi mwisho.

Namna ya kushuka nayo ilifundishwa upya. Hatua fupi, goti limekunjika kidogo kabla mguu haujagusa, mwili usiegemee nyuma. Fimbo mbili za kutembelea, zilizorefushwa kidogo kwa ajili ya kuteremka, zitangulie mbele zipokee sehemu ya uzito kabla ya goti. Kileleni, kabla ya kugeuka, unaketi na kufunga buti upya, kwa kubana sehemu ya kifundo ili vidole visiende mbele. Ni dakika mbili. Mwaka wa kwanza tulizikataa dakika hizo mbili, tukalipa kucha mbili.

Lakini zoezi ninalojivunia ni lile tuliloliita siku ya vipande. Watu hufanya mazoezi ya kutembea saa nane mfululizo na kudhani wamejiandaa kwa Vilele Vitatu. Hawajajiandaa. Safari hii haina saa nane mfululizo. Ina saa tano, kisha kiti, kisha saa nne, kisha kiti, kisha saa nne. Mwili unapoa, unakakamaa, unaombwa uanze upya alfajiri. Basi wiki ya 8 na ya 12 tulipanda na kushuka kilima saa tatu, tukaingia garini na kuendeshwa kwa saa tatu za kweli, tukashuka na kutembea saa tatu nyingine.

Siku ya vipande ya kwanza ilikuwa mbaya, na hiyo ndiyo faida yake. Tulijifunza kwamba nguo kavu zikiwa chini ya mizigo yote, hazibadilishwi. Zikawekwa kwenye mfuko wa kila mtu, juu ya kiti chake, na sheria ikawa gari halisogei kabla kila mmoja hajavaa soksi kavu. Tulijifunza kwamba usipokula katika nusu saa ya kwanza baada ya kushuka, usingizi unakuchukua na tumbo linafunga duka. Tulijifunza pia kwamba biskuti za nguvu, ambazo saa 11 jioni ni tamu, saa 9 usiku hazimezeki. Mwalimu alijaribu vitu vingi mpaka akapata vyake: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mkate wenye siagi ya karanga, na chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya chai. Lengo lilikuwa gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya kutembea. Wapo wanaostahimili hadi 90 kwa kuchanganya aina za sukari, lakini tumbo lake halikuwa mmoja wao, na hatukulilazimisha.

Na gari. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unashauri mapumziko ya angalau dakika 15 kwa kila saa mbili za kuendesha. Mwaka wa kwanza Shemeji alisimama mara moja tu usiku kucha, na ananikiri sasa kwamba karibu na mji wa Penrith alifumba macho na kuyafumbua bila kujua muda gani umepita. Kati ya yote yaliyotokea safari ile, hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Miguu ya Mwalimu ilikuwa aibu. Usingizi wa Shemeji ungekuwa msiba. Mara ya pili alikuja na rafiki yake, madereva wawili wasiopanda mlima, na tukaandika mapema kwamba dereva akisema amechoka saa haihesabiki tena. Mapumziko hayo yakawa dawa ya miguu pia: kila gari liliposimama sote tulishuka na kutembea kwa dakika tano.

Ramani na dira tulizifanyia kazi jioni nne tu, ila ziliokoa siku. Kilele cha Ben Nevis ni uwanda mpana wa mawe. Upande wa kaskazini kuna majabali ya mamia ya mita, na mdomo wa korongo liitwalo Gardyloo unakaribia njia. Anayeyakwepa kupita kiasi huangukia mtego wa pili upande mwingine, Five Finger Gully. Kwenye ukungu, maelekezo yanayojulikana ni haya: kutoka nguzo ya upimaji tembea mita 150 kwa nyuzi 231 za gridi (yaani kwa kaskazini ya ramani), kisha geuka nyuzi 282 hadi njia ianze kuteremka, ukirekebisha tofauti ya kaskazini ya sumaku kwa mwaka huo. Mita 150 huzioni kwenye ukungu, unazihesabu. Mwalimu alipima hatua zake uwanjani hadi akajua kwamba kwake ni 96, akihesabu mguu wa kushoto tu.

Mara ya pili

Alizihitaji. Kileleni hatukuona mbali zaidi ya magari mawili yaliyofuatana, na mabaka ya theluji yalikuwa bado yamelala kando ya njia mwezi wa Juni. Alitembea mbele na dira, akihesabu kwa sauti, sisi nyuma yake kama wanafunzi. Tulipanda kwa saa 2 na dakika 40 zilezile, lakini tulishuka kwa saa 2 na dakika 10, hakuna aliyekimbia. Muuguzi wa kiume alinung'unika kwamba tunapoteza akiba. Saa 3:50 usiku tulikuwa chini. Soksi, viazi, chai. Saa 4:10 gari likaondoka.

Wasdale Head tulifika saa 10:15. Tuliufunga mlango wa gari taratibu kwa mkono, kwa sababu pale pana nyumba za watu ambao kila wikendi ya Juni huamshwa na mashujaa wa mataa na kelele. Mwalimu alikuwa wa kwanza kushuka. Alisimama, akachuchumaa, akanyanyuka, akachuchumaa tena mbele yangu bila kusema neno, kisha akaanza kupanda.

Scafell Pike tuliumaliza kwa saa 4 na dakika 5. Si haraka. Mawe yalituchukulia muda, na kwenye Lingmell Col, sehemu ya chini kati ya vilele viwili, tulisimama kuthibitisha njia badala ya kufuata kikosi kingine kilichokuwa kikielekea upande wa Piers Gill, korongo lenye sifa mbaya ya ajali. Tuliwapigia filimbi, wakageuka. Saa 2:40 asubuhi tulikuwa njiani kuelekea Wales.

Pen-y-Pass, ambako nafasi ya kuegesha lazima uiweke mapema, tulifika saa 7:30 mchana. Zimebaki saa tatu na nusu. Naismith, kwa kilomita 11 na mita 720 na ushee, anatoa saa 3 na dakika 24. Mlima wa tatu una huruma kidogo kwa kuwa mwanzo wa njia tayari uko mita 359 juu ya bahari. Tulipanda kwa Pyg Track, tukashika kushoto kwenye njia panda ya Bwlch y Moch ili tusijikute juu ya ukingo wa Crib Goch, na kileleni tukawakuta watu waliopanda kwa treni wakinywa vinywaji vya moto. Treni ile inafanya kazi hiyo tangu 1896. Sikuwatazama usoni.

Tulishuka kwa Miners' Track, njia ya wachimbaji wa shaba wa zamani: mteremko mkali hadi ziwa Glaslyn, kisha Llyn Llydaw, kisha barabara pana ya changarawe hadi mwisho. Kwenye ziwa la pili tulikuwa na dakika 22 na kilomita zisizozidi mbili na nusu. Mtu mwenye miguu angezimaliza kwa mbio nyepesi, na mmoja wetu alikuwa nayo. Alikimbia mita mia mbili, akageuka, akatazama nyuma, akarudi akitembea. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba saa inasimama mtu wa mwisho anapogusa gari.

Aligusa saa 11:09. Saa 24 na dakika 9.

Wauguzi walikuwa wamefika dakika tatu kabla yake. Mtu wa mwisho nilikuwa mimi, nikiteremka kwa fimbo mbili na magoti yanayotetemeka, Mwalimu pembeni akinibebea shanta. Katika wiki zile 16 nilihesabu kila ngazi ya lile jengo nikiwa nimesimama chini, daftari mkononi. Kesho yake asubuhi, katika nyumba ya wageni tuliyolala, nilishuka kwenda kunywa chai kinyumenyume, nimeshika reli.